Kuwaka si Kusikika: Acheni Kufunga Antena Bila Kuipima

Nimekuwa kimya kwa muda na wengine mmeniandikia mkiuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Kazi ya kuandika programu ilinibana, kisha nikaenda nyumbani Mata, na huko nilikokwenda kupumzika ndiko nilikokuta jambo lililoninyima usingizi. Kwa hiyo leo hakuna habari za Linux, hakuna hifadhidata. Leo nazungumzia antena ya redio ya gari, na nazungumza kwa hasira. Mtanisamehe.

Nianze na neno ninalotaka mlibebe hata kama hamtasoma hadi mwisho. Redio ya mawasiliano iliyofungwa kwenye gari bila antena yake kupimwa si chombo cha dharura. Ni pambo. Inawaka taa, inatoa sauti ya kukwaruza, inapendeza pale mbele ya dereva, lakini siku utakayoihitaji utakuwa unaongea na kiganja chako. Na fundi anayepokea pesa za kazi hiyo bila kupima anakuuzia pambo kwa bei ya uhai.

KISA CHENYEWE

Wale msiojua kwetu: Mata ni wadi moja ya Taveta, tambarare iliyo kati ya mji wa Taveta na Ziwa Jipe. Ng'ambo ya ziwa ni Tanzania, milima ya Pare. Upande wa mashariki ni mbuga ya Tsavo Magharibi, na tembo wa Tsavo hawajawahi kusoma ramani ya mbuga. Tunalima ndizi kwa maji ya mifereji. Jumatano na Jumamosi kila kitu chenye magurudumu huelekea soko la Taveta. Mvua kubwa zikinyesha, Mto Lumi hupanda na kutapakaa, na barabara ya udongo mweusi hugeuka uji.

Simu huko zina tabia yake. Hatua chache ukielekea ziwani, simu inakukaribisha Tanzania kwa ujumbe mzuri wa adabu, halafu salio lako la Kenya linakuwa karatasi. Hatua nyingine chache, hakuna Kenya wala Tanzania. Ndiyo maana mjomba wangu, mwenye Land Cruiser kuukuu ya pikapu inayobeba ndizi mchana na wagonjwa usiku, aliniomba nimtafutie mawasiliano yasiyotegemea mnara wa mtu. Nikamshauri redio za CB: moja garini, moja nyumbani. Karatasi nikazishughulikia mwenyewe. Ya nyumbani niliifunga mwenyewe juu ya bomba la maji, na nyaya nne za kushuka kama mbavu za mwavuli. Ya gari, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kurudi kazini, tulimpelekea fundi mjini.

Fundi akafunga kwa saa moja. Tukajaribu palepale uani: mimi nimeshika redio ya pili, mjomba yuko garini, umbali wa kama mita ishirini. "Unanisikia?" "Nakusikia!" Tukacheka, tukalipa, tukaenda zetu. Wasomaji wangu, hilo ndilo kosa langu na nalikiri hadharani. Mimi, ninayewasumbua vijana ofisini kila siku kwamba programu isiyojaribiwa katika mazingira yake halisi haijajaribiwa, nilikubali kazi iliyojaribiwa mita ishirini kutoka mlangoni.

Masika ya 2024, usiku, mjomba alitoka na jirani yetu, mama mjamzito ambaye uchungu ulikuwa umeshamshika. Kilomita saba kutoka nyumbani gari likazama kwenye tope hadi kwenye ekseli. Simu ikasema karibu Tanzania, kisha ikanyamaza. Mjomba akachukua kipaza sauti akaita. Nyumbani shangazi alikuwa ameketi mbele ya redio, macho makavu, na kijana wa trekta anasinzia kwenye kiti akisubiri kuitwa. Mjomba aliita usiku kucha. Shangazi hakusikia hata neno moja. Mtoto alizaliwa alfajiri ndani ya kabati la pikapu, kwa mwanga wa tochi, mikononi mwa wanawake wawili waliokuwa wakimsindikiza mama yake. Mungu mkubwa, mama na mtoto wote wazima. Lakini trekta lilikuwepo, dizeli ilikuwepo, mtu wa kuliendesha alikuwepo, na redio mbili zilikuwa zinawaka taa. Kilichokosekana ni kazi ya nusu saa ambayo mtu alilipwa akaifanye.

Nilipofika, mjomba (sisi huitana hivyo pande zote mbili) aliniambia maneno mafupi tu: "Mjomba, redio yako inaongea na mimi mwenyewe."

NILICHOKIKUTA

Nilifungua kazi ile kwa bisibisi na uchungu. Antena ilikuwa imebanwa kwenye keria ya nyuma, juu ya rangi nene na kutu, kwa hiyo chuma cha antena hakikugusa bodi ya gari popote. Waya uliotumika ni wa televisheni. Ulikuwa mfupi, kwa hiyo ukaungwa katikati kwa kusokotwa na kufungwa plasta ya umeme, na zile nyuzi za nje za waya, ambazo ndizo zinazobeba nusu ya kazi, zilikuwa zimekatwa na kuachwa zikining'inia. Umeme wa redio ulichukuliwa kwenye tundu la kuwashia sigara.

Nikaunganisha kipimo cha SWR. Sindano ikapanda hadi mwisho wa kipimo, ikakaa hapo. Chaneli ya 1, mwisho. Chaneli ya 20, mwisho. Chaneli ya 40, mwisho. Kwa lugha ya kompyuta, hilo si kosa la hesabu ndani ya programu. Hilo ni waya wa umeme ambao haujachomekwa ukutani.

Na mita ishirini? Kwa mita ishirini hata kipande cha waya wa kuanikia nguo kingesikika. Kujaribu redio kwa umbali huo ni sawa na kujaribu tovuti kwenye kompyuta yako mwenyewe, mtumiaji mmoja, kisha ukawatangazia watu kwamba itabeba nchi nzima siku ya matokeo ya mitihani. Jaribio ambalo haliwezi kushindwa si jaribio.

SASA TUELEWANE: ANTENA NI NINI?

CB hufanya kazi kwenye masafa ya megahezi 27, kuanzia 26.965 chaneli ya 1 hadi 27.405 chaneli ya 40. Marekani ilianza kuyatumia kwa raia wa kawaida mwaka 1958, ikaongeza chaneli kutoka 23 hadi 40 mwaka 1977, na nchi nyingi zikafuata mpangilio huo. Urefu wa wimbi hapo ni kama mita 11. Antena ya gari kwa kawaida ni robo ya wimbi, yaani kama mita 2.7. Kwa kuwa si kila mtu anataka fimbo ya mita karibu tatu ikikwaruza matawi ya migunga, watengenezaji huifupisha kwa kuzungusha waya kama springi ndani yake. Ikifupishwa inakuwa na haya: kosa dogo tu la urefu linaitoa kwenye masafa yake. Ndiyo maana antena fupi zinahitaji kupimwa kuliko ndefu, wala si kinyume chake.

Jambo la pili ambalo mafundi wengi hawalijui au wanajifanya hawalijui: ile fimbo ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bodi ya gari. Fimbo isiyo na bodi ni mtu anayejaribu kuruka bila ardhi ya kukanyagia.

SWR ni nini? Wakulima wa Taveta wataelewa haraka kuliko wahandisi. Umefungua maji ya mfereji kuelekea shambani. Mahali mfereji mkubwa unapokutana na mdogo, kama umechimba vibaya, maji hugonga ukingo na kurudi nyuma. Redio husukuma nguvu kwenye waya. Kama antena haiendani na waya, sehemu ya nguvu hugonga na kurudi. SWR ya 1.5 inamaanisha asilimia 4 inarudi. SWR ya 2, kama asilimia 11. SWR ya 3, robo nzima. SWR ya 10, theluthi mbili.

Hapa niwe mkweli ili asitokee mtu kunisahihisha kwa furaha. Robo ya nguvu ikirudi bado utasikika. Sikio la redio ya pili halitaona tofauti kubwa. Si hesabu hiyo iliyomzamisha mjomba. Kilichomzamisha ni antena isiyo na ardhi na waya usiounganishwa, na ile SWR ya kupindukia ilikuwa kengele tu. Lakini ndiyo hoja yangu yenyewe: kengele ilikuwepo, inalia, na hakuna aliyetega sikio. Tena nguvu zinazorudi huchosha transista ya mwisho ya redio. Ukikaa na SWR juu ya 3 ukiita usiku kucha, unaweza kuiunguza kabisa.

NAMNA YA KUFANYA, HATUA KWA HATUA

Nisije nikaitwa mlalamishi tu. Haya ndiyo tuliyofanya na mjomba kwa siku moja, Jumapili, chini ya mwembe (na baadaye mbali na mwembe, mtaona kwa nini).

1. Mahali. Pazuri kuliko pote ni katikati ya paa la chuma, kwa sababu antena husukuma zaidi upande wenye chuma kingi. Ukiifunga pembe ya nyuma kulia, utasikika vizuri zaidi kuelekea mbele kushoto. Mjomba hakutaka paa litobolewe na nilimwelewa. Tukaweka kibano kwenye ukingo wa paa la kabati, nyuma, ili fimbo yote isimame juu ya bati. Keria ya alumini au paa la turubai haitoshi. Tafuta bodi yenyewe.

2. Ardhi. Kwangua rangi kwa msasa hadi uone chuma kinang'aa. Funga bolti, kisha pitisha utepe mfupi na mpana wa nyuzi za shaba kutoka kwenye kibano hadi kwenye bodi. Weka multimita: kati ya kibano na bodi, kati ya kibano na upande hasi wa betri, namba iwe karibu sana na sifuri. Halafu kati ya kiini cha waya na nyuzi za nje, antena ikiwa imetolewa, pasiwe na mguso wowote. Vipimo hivi viwili huchukua dakika tatu. Fundi wetu angevifanya, tusingekuwa na kisa cha kusimulia. Ukimaliza paka mafuta mazito juu ya kiungo, kutu isirudi.

3. Waya. Tumia koaksi ya omu 50, ya kawaida ni RG-58. Ule wa televisheni ni wa omu 75. Uacheni utazame mpira. Kipande kimoja bila maungio. Lehemu kichwa cha waya vizuri, nyuzi za nje zishikwe pande zote. Usiubane mlangoni, usiukunje kwa pembe kali. Mahali maji yanapoweza kuingia, zungushia mpira wa kujibana wenyewe. Maji yakiingia kwenye koaksi hayatoki.

4. Umeme. Moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi karibu na betri. Tundu la sigara linalegea na linaleta kelele za injini.

5. Sasa ndiyo upime. Toa gari mahali pa wazi, mbali na nyumba, magari mengine, miti, na hasa nyaya za umeme (tukauacha mwembe). Funga milango na bonneti. Watu wasimame mbali. Mwili wa binadamu pia hubadilisha kipimo. Weka kipimo cha SWR kati ya redio na waya wa antena. Hakikisha hakuna anayeongea kwenye chaneli. Kama kipimo chako ni cha sindano, kiseti kwanza kila mara kama maelezo yake yanavyosema, kisha soma chaneli ya 1, ya 20 na ya 40. ANDIKA namba hizo tatu. Usiziweke kichwani.

6. Soma maana yake. Zote zikiwa juu ya 3, usiguse urefu wa antena. Rudi hatua ya pili na ya tatu, una tatizo la ardhi au la waya. Chaneli ya 1 ikiwa juu kuliko ya 40, antena ni fupi, irefushe. Chaneli ya 40 ikiwa juu kuliko ya 1, antena ni ndefu, ifupishe. Antena nyingi zina kibonyezo au skrubu juu. Geuza kidogo, pima tena. Kama ni ya kukata, kata milimita tano, pima, kata tena. Ukikata sana hakuna fundi wa kuirudishia urefu wake.

Baada ya kurekebisha ardhi na waya tu, bila kugusa urefu, sisi tulipata 1.8, 2.2 na 2.6. Angalia: kutoka mwisho wa kipimo hadi hapo, kwa msasa na lehemu! Namba zinapanda kuelekea 40, kwa hiyo antena ni ndefu. Tukaishusha kidogo kidogo mara sita. Mwisho: 1.5, 1.3, 1.5. Jioni mjomba akaendesha hadi palepale alipozama. Shangazi akachukua kipaza sauti, akamuuliza atarudi na sukari au la. Sauti ilikuja safi kiasi kwamba hakuna aliyeongea kwa muda pale sebuleni.

UONGO UNAOZUNGUKA

"Waya lazima uwe mita tano na nusu kamili." Huu nimeusikia gereji na kwenye video. Mita tano na nusu ni nusu ya wimbi hewani. Ndani ya koaksi ya kawaida wimbi hutembea kwa kama asilimia 66 ya mwendo wake wa hewani, kwa hiyo nusu ya wimbi ndani ya waya ni kama mita 3.6. Uongo huu hausimami hata kwa hesabu yake wenyewe! Ukiona kubadilisha urefu wa waya kunabadilisha SWR sana, hiyo ni dalili kwamba ardhi yako ni mbovu na waya umegeuka kuwa sehemu ya antena. Zipo antena zinazouzwa na waya wake maalumu. Hizo fuata maelezo yake. Nyingine zote, tumia waya unaotosha kufika.

"SWR ikiwa 1 kamili basi antena ni nzuri." Hapana. Chukua kizuizi cha omu 50, kifunge mwisho wa waya: SWR 1, safi kabisa, na hakuna atakayekusikia hata jirani. SWR njema inamaanisha tu kwamba nguvu hazirudi. Haisemi zimekwenda wapi. Ndiyo maana baada ya kupima lazima uendeshe gari uende mbali, uite.

"Nunua redio yenye wati nyingi." Huyu ndiye adui mkubwa. CB ya kawaida hutoa wati 4. Ukiongeza mara nne hadi wati 16, sindano ya anayekusikiliza hupanda alama moja ya S. Moja! Na mashine za kuongeza nguvu kinyume na kibali huvuruga mawasiliano ya wengine. Kumwaga wati kwenye antena mbovu ni kununua trekta la pili kwa sababu plau ya kwanza haikufungwa bolti.

"CB haihitaji kibali, ni ya raia." Hiyo ni Marekani. Kenya ina Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998, na mitambo ya redio inahitaji leseni kutoka Mamlaka ya Mawasiliano. Uliza Mamlaka kabla ya kununua, si baada ya kukamatwa.

NAJUA MTASEMA NINI

Mtasema: ndugu, hii ni teknolojia ya babu zetu, siku hizi kuna Starlink. Ni kweli, Starlink ilianza kuuzwa Kenya mwaka 2023 na mimi ni shabiki wake. Lakini sahani hiyo inahitaji kusimikwa, umeme wa kutosha, ada ya kila mwezi na mtu wa kumpigia. Pikapu ya ndizi iliyolala ubavu kwenye tope saa nane usiku haina hata kimoja kati ya hivyo. Redio inahitaji betri ya gari na shangazi aliye macho.

Mtasema: CB ina mipaka. Nayo ni kweli, na anayekuuzia CB akikuambia utaongea na Voi kutoka Mata, mfukuze. Hiyo ni karibu kilomita mia na milima ya Taita iko katikati. Kwenye tambarare yetu, gari hadi nyumba, tegemea kilomita kumi, labda kumi na tano. Tena katika miaka ambayo jua lina madoa mengi, kama ilivyokuwa 2024, mawimbi ya megahezi 27 hugonga angani na kurudi, na mchana unaweza kusikia watu wa mabara mengine wakikuzibia chaneli. Mwenye uwezo wa kupata masafa ya VHF yenye leseni, na mtambo wa kurudufisha mlimani, atapata mawasiliano bora. Sibishi. Lakini hata VHF ina antena, ina ardhi, ina koaksi, na fundi yuleyule ataifunga juu ya rangi ileile. Ugomvi wangu si wa CB na VHF.

Mtasema: kipimo cha SWR ni gharama kwa fundi wa jua kali. Hapa ndipo nakataa katakata. Fundi wa matairi ana kipimo cha upepo. Fundi wa nguo ana futi shingoni. Muuza nyama ana mizani, na akikukadiria kwa macho utagomba. Kwa nini fundi wa redio peke yake aruhusiwe kukadiria kwa macho kitu ambacho macho hayakioni? Kipimo kimoja kinatosha kijiji kizima, na hakichakai. Wapenda kompyuta wenzangu kuna hata NanoVNA, kifaa cha kuingia mfukoni, msimbo wake uko wazi, kinakuchorea mstari mzima wa SWR kwenye kioo badala ya namba tatu. (Angalizo: usibonyeze kipaza sauti cha redio huku NanoVNA imeunganishwa, utaichoma.) Kijana wa Taveta mwenye kifaa hicho, multimita na kipande cha msasa angejenga jina kuliko gereji zote zinazouza taa za mapambo.

NINACHOTAKA

Nimefikiri sana kama nimlaumu fundi peke yake. Siwezi. Fundi alifanya kile ambacho wateja tumemfundisha kwamba kinatosha. Tunaangalia kama taa inawaka, tunauliza bei, tunaomba punguzo, tunaondoka. Hatujawahi kumuuliza swali ambalo jibu lake linaweza kuwa "hapana". Katika kazi yangu ya programu ni hivyohivyo: mteja anayetazama rangi ya vitufe na kusema "safi" ndiye anayelia miezi sita baadaye data zikipotea, na sisi waandishi wa programu tunamwachia atazame rangi kwa sababu inatupunguzia kazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na safari hii ukuta wenyewe ungeweza kuwa kaburi.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na halihitaji semina. Ukifungiwa redio kwenye gari, ya CB au nyingine yoyote, usilipe hadi fundi akuandikie kwenye risiti namba zilizopimwa mbele ya macho yako: chaneli ya chini, ya katikati, ya juu. Halafu muendeshe gari kilomita tano, muite. Hakuna namba, hakuna pesa. Akikuambia "mkubwa, hii iko sawa, niamini," mwambie unamwamini, ndiyo maana unataka aandike.

Mjomba ameibandika karatasi yetu ndani ya kifuniko cha jua cha pikapu: 1.5, 1.3, 1.5, na tarehe. Nimemwambia tupime tena kila kabla ya masika, kwa sababu kutu haipumziki na barabara ya Jipe hulegeza kila nati. Yule mtoto sasa anakimbia. Akisikia redio inakwaruza hukimbilia kipaza sauti na kupiga kelele, na shangazi humjibu kutoka nyumbani kila mara, bila kukosa.

Tuonane tena. Nendeni mkapime.